Rada inayomshusha rubani kwa sauti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha fizikia hapa Tabora. Kila tukifika kwenye mawimbi, mada ya rada hula vipindi kuliko ilivyopangiwa, kwa sababu wanafunzi hawaulizi mawimbi, wanauliza ndege. Jioni kijiweni ni yale yale, na jamaa zangu wa Kigoma nao wananipigia simu kila Bombadia inapochelewa kwa ajili ya mawingu. Maswali yao nimeyaweka hapa pamoja. Yanahusu rada ya aina moja tu: ile ambayo viwanja vya kijeshi duniani huitumia kuishusha ndege hadi karibu kabisa na ardhi wakati rubani haoni kitu. Kuhusu vifaa vya JWTZ sitaandika lolote. Hayo ni ya jeshi lenyewe.

Mwalimu, rada hiyo ina tofauti gani na ile antena inayozunguka?

Antena inayozunguka inamwambia mwongoza ndege mambo mawili: ndege iko umbali gani na iko upande gani. Kimo cha ndege haikipimi. Kimo kinaletwa na kifaa kilichomo ndani ya ndege yenyewe, transponda, ambacho hujibu kikiulizwa kutoka ardhini. Kikiharibika, skrini inabaki na nukta isiyo na kimo.

Rada tunayoizungumzia, kwa kifupi PAR, haizunguki. Imewekwa kando ya njia ya kurukia na inatazama upande mmoja tu, ule ndege inakotokea. Inapima yote matatu yenyewe: umbali, kushoto-kulia, na juu-chini. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka iweze kuiona hata ndege ndogo ndani ya eneo lenye upana wa nyuzi 20 na kimo cha nyuzi 7, hadi km 16.7 kutoka kwenye antena, na taarifa zake zijisasishe walau kila sekunde moja. Kwa wanafunzi wangu: wimbi linakwenda hadi mwisho wa eneo hilo na kurudi kwa kama sehemu 111 kati ya milioni moja za sekunde. Ndiyo maana sekunde moja inatosha kulipitisha eneo lote kushoto na kulia, juu na chini.

Rada yenyewe ni sehemu tu ya kazi. Rada, redio na mtu anayesema, kwa pamoja, huitwa GCA, yaani ndege kuongozwa kutua kutoka ardhini. Na katika hivyo vitatu, kilicho muhimu zaidi ni mtu. Nitalirudia hili, mnivumilie.

Huyo mwongozaji anaona nini hasa kwenye skrini?

Anaona picha mbili, moja juu ya nyingine. Ya juu inaionyesha ndege kama vile umesimama pembeni: kuna mstari unaoteremka kwa pembe ya nyuzi 3 hadi mahali magurudumu yanapotakiwa kugusa. Ya chini inaionyesha kama vile uko angani unachungulia chini: kuna mstari ulionyooka unaofuata katikati ya njia ya kurukia. Ndege ileile moja ni alama kwenye picha zote mbili, na kazi ni kuzifanya alama zote mbili zikae juu ya mistari yake. Umbali kwenye skrini haujagawanywa sawasawa. Maili za mwisho zimenyooshwa zikachukua nafasi kubwa, kwa sababu huko ndiko kosa dogo linakoua.

Nyuzi 3 zinasikika kama si kitu. Zifanyieni hesabu: ndege ikiwa km 16 kutoka mahali pa kugusa inapaswa kuwa juu mita kama 840. Ikiwa km 5, mita 262. Ikiwa km 1, mita 52, na kuna miembe mikubwa hapa Tabora ambayo ukiipanga miwili mmoja juu ya mwingine inaikaribia ndege hiyo.

Usahihi unaotakiwa nao umeandikwa. Kushoto-kulia, kosa la rada lisizidi mita 9 au asilimia 0.6 ya umbali, lolote lililo kubwa, pamoja na nyongeza ndogo ndege inapokuwa nje ya mstari. Juu-chini ni mita 6 au asilimia 0.4, kwa mtindo huohuo. Kwa maneno mengine, kadiri ndege inavyosogea ndivyo rada inavyoijua vizuri zaidi.

Tupe mfano wa maneno wanayosemezana.

Hawasemezani. Anasema mmoja. Kwa kawaida maneno hayo ni ya Kiingereza. Hapa nayaweka kwa lugha yetu, kwa uwanja wa mfano ambao njia yake inaelekea mashariki, uelekeo 090:

— Usijibu maelekezo yatakayofuata.
— Maili 6. Unakaribia mteremko. Anza kushuka sasa.
— Uko kwenye mteremko. Kulia kidogo mwa mstari. Geuka kushoto, uelekeo 087.
— Maili 4. Kulia kidogo, unarudi. Kwenye mteremko.
— Kwenye mstari. Geuka kulia, uelekeo 089.
— Maili 3. Juu kidogo ya mteremko. Ongeza kushuka.
— Kwenye mstari. Unarudi kwenye mteremko.
— Kwenye mstari, kwenye mteremko.
— Umefika kimo cha uamuzi.

Maili hapa ni ya baharini, km 1.852, na kimo cha uamuzi ni pale ambapo rubani asipoiona njia hupandisha ndege tena. Angalieni vitu viwili. Kwanza, mwongozaji hasemi tu ndege iko wapi, anasema inaelekea wapi: "kulia kidogo" ni habari moja, "kulia kidogo, unarudi" ni habari nyingine kabisa, na rubani anayesikia ya pili haongezi kugeuka. Pili, uelekeo wa mwisho ni 089, si 090. Upepo wa pembeni unaisukuma ndege, kwa hiyo mwongozaji anatafuta, kwa kujaribu na kurekebisha, uelekeo utakaoifanya iende moja kwa moja ingawa pua yake imepinda kidogo. Rubani hahitaji kufanya hesabu hiyo. Anashika uelekeo aliopewa na kuangalia vipimo vyake.

Kwa nini rubani haruhusiwi kujibu? Si ni adabu kujibu?

Redio ile ikizungumza haisikii. Rubani akibonyeza kitufe kusema "nimekupata, asante", kwa muda huo mwongozaji amezibwa mdomo. Na pale mwishoni, mwongozaji hatakiwi kunyamaza zaidi ya sekunde 5. Ndege inayokwenda km 222 kwa saa, katika sekunde 5 imekwisha kwenda mita 300 na kushuka mita 16.

Kimya chenyewe pia ni ujumbe. Rubani anaambiwa mapema: usiposikia sauti kwa sekunde 5, fanya hivi na hivi, na kwa kawaida "hivi" ni kupandisha ndege na kuondoka. Hakuna kusubiri labda redio itarudi. Mwongozaji mzuri husema hata kama hana jipya. "Kwenye mstari, kwenye mteremko" mara nne mfululizo si porojo, ni kumjulisha mwenzako kwamba bado upo.

Nani aligundua jambo hili?

Mwanafizikia wa Marekani, Luis Alvarez, akiwa kwenye maabara ya rada ya chuo cha MIT wakati wa Vita Kuu ya Pili. Aliona rada mpya iliyoweza kuifuata ndege bila kuongozwa na mtu na kuelekeza mizinga ya kuitungua. Akawaza: kama rada inajua ndege ilipo kwa usahihi wa kuipiga, basi inajua ilipo kwa usahihi wa kuitua.

Jaribio la kwanza, mwaka 1942, lilishindikana, na sababu yake naipenda kuliko mafanikio yaliyofuata. Ndege ikiwa chini karibu na ardhi, wimbi lilirudi kwa njia mbili: moja kwa moja kutoka kwenye ndege, na kwa kudunda ardhini. Rada ikaona ndege mbili, ya kweli juu na taswira yake chini ya ardhi, ikawa inarukaruka kati ya hizo mbili. Pale pale ambapo rubani angeihitaji zaidi, ikawa haina akili.

Alvarez na wenzake wakaacha kuifanya rada iifuate ndege bila mtu. Wakatumia miale miwili myembamba, mmoja unaopepea kushoto na kulia, mwingine juu na chini, kwa mawimbi ya sentimita 3, na watu wakasoma skrini. Rada ya pili ya sentimita 10, inayozunguka, ilitumika kuzikusanya ndege kutoka mbali na kuzipanga. Mfumo ulipelekwa Uingereza mwaka 1943 ukafanyiwa majaribio na jeshi la anga la huko, na kabla ya vita kwisha ulikuwa kazini. Alvarez alitunukiwa tuzo ya Collier, ya Marekani ya mambo ya anga, kwa kazi hiyo. Nobel ya fizikia aliipata mwaka 1968, lakini hiyo ilikuwa kwa utafiti wa chembe ndogo, si rada.

Ilishawahi kufanya kazi kubwa kweli, au ni hadithi za maabara?

Berlin. Kuanzia tarehe 26 Juni 1948, baada ya Urusi ya Kisovieti kuzifunga barabara, reli na mifereji, nchi za Magharibi zililisha nusu ya mji kwa ndege: unga, makaa ya mawe, maziwa ya unga. Kazi iliendelea hadi tarehe 30 Septemba 1949 na mzigo ukapita tani milioni 2. Uwanja mkuu, Tempelhof, ulikuwa katikati ya majengo ya ghorofa, na vuli na kipupwe cha Ujerumani ni ukungu juu ya ukungu.

Tarehe 13 Agosti 1948 hali ya hewa ilichafuka, ndege zikajazana juu ya mji zikizunguka kusubiri, moja ikashika moto ilipotua, nyingine zikapasua matairi. Jenerali William Tunner, mkuu wa operesheni, alikuwa mwenyewe angani siku hiyo. Amri aliyotoa baadaye ilikuwa ya kikatili kidogo lakini ilifanya kazi: kila ndege iruke kwa vipimo hata kama jua linawaka, na anayeshindwa kutua mara ya kwanza asizunguke, arudi na mzigo wake alikotoka. Ndege zikawa zinashuka kila dakika 3, na wakati wa hali mbaya ya hewa aliyekuwa akizishusha ni mtu wa GCA, sauti baada ya sauti, usiku na mchana.

Kama ni nzuri hivyo, mbona viwanja vya kiraia haviitumii?

Kwa sababu ni mtu mmoja kwa ndege moja. Viwanja vya kiraia vilichagua ILS, mitambo miwili ya redio ardhini inayotuma mawimbi, na ndege yenyewe ina kipokezi kinachomwonyesha rubani sindano mbili. Ikishawashwa, ILS haihitaji kusema. Inaweza kuzihudumia ndege nyingi zinazofuatana, na rubani wa shirika la ndege anapenda kuona kwa macho yake kuliko kuambiwa.

Jeshi lina mahesabu mengine. Katika ILS nusu ya akili imo ndani ya ndege. Katika PAR akili yote iko ardhini. Ndege inahitaji redio moja inayofanya kazi. Ndege ya kivita iliyobanwa nafasi, ndege ngeni kutoka nchi rafiki yenye vifaa vya aina nyingine, ndege iliyorudi imetobolewa na nusu ya vipimo vyake vimekufa: zote zinashushwa kwa njia ileile. Pili, rada hii inaweza kupakiwa kwenye gari au ndege ya mizigo na kusimamishwa kwenye kiwanja cha vumbi ambacho wiki iliyopita kilikuwa malisho. Tatu, unaweza kuizima hadi ndege inapokaribia, adui asipate cha kusikiliza.

Gharama yake ni mwanadamu. Mwongozaji wa PAR asiyeshusha ndege mara kwa mara anachakaa kama mpiga ngoma asiyepiga. Majeshi yanayoitumia hudai kila mwongozaji awe na idadi fulani ya mishusho ndani ya kipindi, hata kama hewa ni safi, na marubani hushushwa kwa rada siku ya jua kali ili tu mtu wa chini asisahau. Kwa hiyo nikisikia mtu anasema nchi fulani "imenunua rada", swali langu huwa: na waongozaji wangapi, na wanafanya mazoezi lini? Rada bila hao ni chuma kinachonyeshewa.

Mvua ya Tabora haiipofushi?

Inaisumbua, na huu si utani. Mawimbi ya sentimita 3 yanakutana na matone ya mvua na kurudisha mwangwi. Nguvu ya mwangwi huo hupanda haraka sana wimbi likiwa fupi: matone yaleyale yanarudisha zaidi ya mara 100 kwa sentimita 3 kuliko kwa sentimita 10. Mvua ya Januari hapa, ile inayokuja na ukuta mweusi kutoka upande mmoja wa mji, ingejaza skrini doa jeupe na ndege ikapotea ndani yake.

Basi kwa nini wasitumie sentimita 10? Kwa sababu ya ukubwa. Mwale mwembamba unataka antena pana ikilinganishwa na wimbi. Antena ya mita 3 kwa sentimita 3 inatoa mwale wa chini ya nyuzi 1. Kwa sentimita 10 ungehitaji mita 10 kupata ukali uleule, na hapo habari ya kuipakia kwenye gari imekwisha.

Dawa iliyopatikana ni nzuri kwa darasa la fizikia. Wimbi hutumwa likiwa linajizungusha, tuseme kulia. Tone la mvua ni la mviringo karibu kamili, hivyo mwangwi wake unarudi ukizunguka kinyume, na antena haiupokei. Ndege ina pembe, mabawa, magurudumu; mwangwi wake unarudi umechanganyika, na sehemu yake inapokelewa. Matone makubwa hubonyea yanapoanguka, kwa hiyo ujanja huu haufuti mvua yote, na mwangwi wa ndege nao hupungua kidogo. Lakini ndege inaonekana tena.

Na Kigoma, na vilima vyake na ziwa?

Vilima kwanza. Rada haioni kupitia mlima, na mteremko wa nyuzi 3 hauna huruma na kilima kilichosimama mbele yake. Mahali ambapo ardhi inapanda karibu na njia ya kurukia, wapimaji huangalia upande gani ndege inaweza kuingilia salama, pengine wakaongeza pembe ya mteremko kidogo, pengine wakauacha upande mmoja kabisa. Mwangwi wa vilima vyenyewe unachujwa kwa sababu haviendi popote. Kinachokwenda kinabaki kwenye skrini.

Ziwa lina tatizo lake, na ni lile la Alvarez. Maji yaliyotulia hurudisha mawimbi ya rada vizuri kuliko ardhi yenye miti. Ndege inayoingia kutokea ziwani inaweza kuwa na taswira yake chini. Miale myembamba ya leo inapunguza hilo kwa kuwa haimwagi nguvu nyingi majini, ila mafundi wanaoifunga rada karibu na maji huwa na kazi ya ziada.

Kwa wale wa Mwisho wa Reli wanaopenda kujisifu: ndege za kivita zilifika kwenu mapema. Mwaka 1916 Wabelgiji walileta ndege za kutua majini Ziwa Tanganyika zikaja kuishambulia bandari ya Kigoma, ilikokuwa meli ya Wajerumani, Goetzen, ambayo leo mnaiita Liemba. Marubani wale walitua kwa macho, juani, majini. Ukungu ukishuka, walikaa chini.

Rada za serikali zilizofungwa juzi juzi hazitoshi kutuongozea ndege Tabora?

Ni kazi tofauti. Mwaka 2017 serikali ilisaini na kampuni ya Thales ya Ufaransa mkataba wa rada nne za kiraia, za Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe. Hizo ni za kuangalia anga pana. Mwanza iko km 280 hivi kutoka Tabora kwa mstari ulionyooka, na dunia ni duara: kwa umbali huo, rada iliyoko Mwanza inaiona ndege ikiwa juu zaidi ya mita 4,000. Ndege inayojiandaa kutua Tabora imekwisha kuzama chini ya upeo huo zamani. Rada ya kushusha ndege lazima iwe hapo hapo uwanjani, hakuna njia ya mkato.

Ile "chenji ya rada" ilikuwa ya rada hii?

Hapana, ingawa kijiweni ndivyo wengi wanavyodhani. Ile ilikuwa Watchman, rada ya kuangalia anga, ya kuzunguka, iliyouzwa na BAE Systems kwa pauni milioni 28. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani Uingereza kosa la kutotunza vizuri kumbukumbu za hesabu, ikapigwa faini ya pauni 500,000 na ikalipa pauni milioni 29.5 kwa faida ya Watanzania. Fedha hizo ndizo zilizonunua vitabu na madawati. Baadhi ya vitabu hivyo vilifundishia mawimbi, na sijawahi kuona mwanafunzi akicheka vizuri kama siku nilipomweleza.

Ingeweza kuzuia ajali kama ile ya Bukoba?

Swali hili linaulizwa kwa uchungu, na jibu lisiwe jepesi. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege iliyobeba watu 43 ilianguka Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa, na watu 19 walikufa. Hakuna mtu makini atakayekuambia kifaa kimoja kingebadilisha siku ile. Ninachoweza kueleza ni mipaka ya PAR. Inamwambia rubani alipo na anakoelekea. Haitulizi upepo wala haiondoi dhoruba iliyosimama juu ya kiwanja. Na mwisho wa maelekezo kuna kimo cha uamuzi, mara nyingi futi 200, yaani mita 60: hapo rubani aione njia au taa zake kwa macho, la sivyo apandishe ndege. Mwongozaji anaweza kuwa amemshusha bila kosa hata moja, na bado jibu sahihi likawa kuondoka.

Dira ya ndege ikifa kabisa, rubani anaambiwaje "uelekeo 087"?

Haambiwi. Mwongozaji anabadilisha lugha: "geuka kushoto", anahesabu, "acha kugeuka". Rubani anageuza ndege kwa kasi inayojulikana, nyuzi 3 kwa sekunde akiwa mbali na nusu ya hapo akikaribia, na mwongozaji anafanya kazi ya dira kutoka chini kwa kuangalia skrini na saa. Kwangu mimi hiki ndicho kilele cha kazi yote hii. Ndege haina dira, rubani haoni nje, na bado inashuka kwenye mstari.

Ndege zisizoonekana na rada zinashushwaje?

Wakati wa amani hufungiwa kifaa kidogo kinachorudisha mawimbi, ili zionekane. Kinatolewa zikienda vitani.

Mionzi yake inadhuru watu? Na mizinga ya nyuki?

Aliyeuliza la nyuki ni mfugaji wa huku kwetu, na Tabora bila asali si Tabora, kwa hiyo anastahili jibu. Mawimbi ya rada si mionzi ya aina ya eksirei. Hayana nguvu ya kuvunja chembechembe za mwili. Yanachoweza ni kupasha joto, kama yakikupiga kwa nguvu ukiwa karibu sana. Rada ya aina hii hutuma mapigo makali lakini mafupi mno, hivyo wastani wa nguvu yake ni mdogo. Mafundi hawaruhusiwi kusimama mbele ya antena ikiwa imewashwa, na eneo hilo huzungushiwa alama. Nje ya uzio, kwa mzinga uliotundikwa mtini mbali huko, kilichobaki ni kidogo mno. Moshi wa jirani anayechoma pori utawasumbua nyuki wako zaidi.

GPS si imeshaua mambo haya?

Imeyapunguza. Ndege nyingi leo zinashuka kwa setilaiti bila kifaa chochote ardhini, na kwa viwanja kama vyetu hilo ni jambo jema, kwa sababu ni rahisi. Lakini mawimbi ya setilaiti yanafika chini yakiwa dhaifu sana, na mtu mwenye mtambo mdogo anaweza kuyafunika. Tangu vita vya Ukraine vilipopamba moto mwaka 2022, marubani wanaopita Bahari ya Baltiki wamezoea kuona GPS ikizimika au ikiwadanganya walipo. Majeshi yaliyokuwa yakijiandaa kuuza PAR zao kwa chuma chakavu yana sababu ya kufikiri mara mbili.

Naweza kupiga picha rada ya jeshi nikiiona?

Usipige. Ni kosa kisheria, na simu yako haitarudi.

Nataka kufanya kazi hii. Nianzie wapi?

Kwa upande wa kiraia, waongoza ndege wanafunzwa kwenye chuo cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga, CATC, kilichoko Dar es Salaam. Upande wa jeshi, unaingia jeshini kwanza, kisha jeshi ndilo linalokupangia. Njia zote mbili zinakutaka uwe na hisabati, fizikia na Kiingereza cha kusema, si cha kuandika tu. Jipime na hili pia: washa runinga yenye mpira, zima sauti ubaki na picha tu, halafu tangaza mechi mwenyewe kwa dakika tatu bila kusita, bila kurudia kosa, bila kupandisha sauti timu yako inapofungwa. Wanafunzi wangu wengi hukata pumzi kabla ya dakika ya kwanza. Msichana mmoja wa kidato cha tatu alimaliza, akauliza kama anaruhusiwa kuendelea hadi mapumziko.